Brekipointi yenye sharti isipofanya kazi: dalili na vyanzo vyake katika GDB

Brekipointi yenye sharti, yaani alama inayosimamisha programu mahali fulani pale tu sharti linapotimia, ni msaada mkubwa kwa anayechunguza programu iliyoandikwa kwa C au kwa asembli, kwa kuwa humwezesha kupita maelfu ya mizunguko iliyo sawa na kufika kwenye ule mmoja wenye kasoro. Lakini inapogoma, hugoma kwa namna zinazochanganya: programu inaanza kutambaa, au inapita mahali ilipotakiwa kusimama, au inasimama kila mara kana kwamba hakuna sharti lililowekwa. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine kwa kutumia dibaga ya GDB (programu ya kuchunguza programu nyingine inapoendeshwa) kwenye Linux na vichakataji vya x86-64, ukigusia ARM pale tofauti inapokuwa na maana.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba kichakataji hakijui lolote kuhusu sharti lako. GDB inapoweka brekipointi ya kawaida kwenye x86-64, huiondoa baiti ya kwanza ya agizo lililopo kwenye anwani hiyo na kuweka mahali pake baiti 0xCC, ambayo ni agizo int3. Programu ikifika hapo husimama kweli. Keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, hutoa ishara ya SIGTRAP, GDB huamshwa, husoma rejista (nafasi ndogo za data ndani ya kichakataji), huirudisha rip, rejista ya anwani ya agizo linalofuata, nyuma kwa baiti moja kwa sababu imekwisha kuipita int3, na ndipo hulikokotoa sharti. Sharti lisipotimia, GDB huirudisha baiti ya awali, huendesha agizo hilo moja tu, huiweka tena 0xCC, kisha huiachia programu iendelee. Kwa maneno mengine, programu husimama kila inapopita hapo, ila wewe huambiwi. Sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata huzaliwa na ukweli huo.

Anza kwa kulijaribu sharti kwa mkono

Kabla ya kubadilisha chochote, simamisha programu mahali pale pale bila sharti, kisha iulize GDB thamani ya sharti hilo:

```
break pakiti.c:88
run
print urefu > kikomo && hali == 3
info breakpoints
```

Jibu likiwa 1, sharti ni kweli kwa wakati huo. Likiwa 0, si kweli. Na likija kama ujumbe wa kosa, chanzo kimejitokeza chenyewe. Amri ya `info breakpoints` nayo isomwe polepole, kwa sababu huonyesha anwani halisi ya brekipointi, sharti kama GDB ilivyolielewa baada ya maneno `stop only if`, idadi ya mara ilizosimama, na kama mstari mmoja umegeuka kuwa sehemu kadhaa zenye namba kama 1.1 na 1.2. Ukiridhika na jibu, weka sharti kwenye brekipointi iliyopo kwa `condition 1 urefu > kikomo && hali == 3`; ukitaka kuliondoa, andika `condition 1` bila kitu mbele yake. Njia hii ni bora kuliko kufuta na kuweka upya, kwani brekipointi inabaki pale pale ulipokwisha kuithibitisha.

Dalili: programu imekuwa nzito kupita kiasi

Hii ndiyo lalamiko la kwanza la wengi, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Tuseme safari nzima ya kusimama, kukokotoa sharti na kuendelea huchukua mikrosekunde 100. Kitanzi cha mizunguko milioni 10 kitatumia sekunde 1,000, yaani takriban dakika 17, kwa kazi ambayo bila dibaga ingekwisha kabla hujavuta pumzi. Hali huwa mbaya zaidi unapotatua kifaa cha mbali kupitia waya wa siriali. Kwa kasi ya 115200, siriali hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde, na rejista 17 za biti 32, kila moja ikiandikwa kwa herufi 8 za heksadesimali, ni herufi 136. Kusoma rejista peke yake, kabla ya kugusa kigeu chochote, kumekwisha kula karibu milisekunde 12 kwa kila mzunguko.

Dawa ya kwanza ni kuihamisha brekipointi. Chunguza kama kasoro unayoitafuta hupita pia mahali pasipotembelewa mara nyingi: tawi la kosa, mwito wa nje ya kitanzi, au mstari unaofikiwa baada tu ya ukaguzi mwingine. Mara nyingi `if` iliyomo ndani ya msimbo wenyewe imekwisha kuchuja asilimia kubwa ya mizunguko, na brekipointi ikiwekwa ndani yake haihitaji tena sharti refu.

Ikiwa unatumia gdbserver, programu ndogo inayoiwakilisha GDB kwenye kifaa cha mbali, angalia kama kukokotoa kunaweza kufanyika upande wa pili. Amri ya `set breakpoint condition-evaluation target` huifanya GDB ilitume sharti likiwa limegeuzwa kuwa msimbo mdogo, na gdbserver hulikokotoa papo hapo bila kutuma chochote kwenye waya hadi litimie. Programu bado itasimama kila mara, lakini safari ya waya, ambayo ndiyo gharama kubwa, huondoka.

Ikiwa unachokijua ni data iliyoharibika na si mstari unaoiharibu, brekipointi kwenye mstari si chombo sahihi. Tumia uangalizi wa data, unaosimamisha programu data fulani inapobadilika:

```
watch -l foleni->idadi if foleni->idadi > 64
```

GDB ikijibu `Hardware watchpoint 2`, kazi imekabidhiwa maunzi, na programu itakimbia kwa kasi yake hadi thamani hiyo ibadilike. Ikijibu `Watchpoint 2` bila neno la kwanza, maana yake itaendesha programu agizo moja moja na kulinganisha thamani kila hatua, jambo linaloweza kuifanya iwe nzito mamia ya mara. Kwa kawaida sababu ni kwamba data ni kubwa mno au nafasi zimejaa: x86 ina rejista nne tu za anwani za utatuzi, DR0 hadi DR3, na kila moja huangalia baiti 1, 2, 4 au 8. Punguza unachokiangalia, au ondoa uangalizi wa zamani uliousahau.

Njia yenye kasi kuliko zote, pale unapoweza kukusanya programu upya, ni kuliandika sharti ndani ya programu yenyewe:

```
if (namba == 81920) __asm__ volatile ("int3");
```

Hapa kichakataji ndicho kinacholinganisha, kwa gharama ya agizo moja au mawili, na dibaga huamshwa mara moja tu. Kwenye ARM ya biti 64, agizo linalolingana ni `brk #0`, lakini kuna tofauti ya kuzingatia: baada ya kusimama, pc (inayofanya kazi ya rip kwenye ARM) hubaki kwenye agizo hilohilo, hivyo uandike `set $pc = $pc + 4` kabla ya kuendelea, la sivyo utasimama papo hapo tena na tena. Kumbuka pia kuliondoa agizo hilo baadaye, kwa kuwa programu ikiendeshwa bila dibaga itauawa na SIGTRAP.

Dalili: sharti limetimia lakini haisimami

Hapa vyanzo ni vingi, na kinachosumbua zaidi ni kile cha aina za namba. Chukua funksheni inayorudisha `int`, nawe unataka kusimama inaporudisha -1. Unaweka brekipointi kwenye agizo linalofuata baada ya `call`, kwa kuwa matokeo yatakuwa kwenye rejista ya rax:

```
break *0x401156 if $rax == -1
```

Haitasimama, hata funksheni ikirudisha -1 mara mia. Sababu ni kwamba kompaila imeandika matokeo kwenye eax, nusu ya chini ya rejista, na kwenye x86-64 kuandika eax huzifanya biti 32 za juu za rax kuwa sifuri. Kwa hiyo rax ina 0x00000000ffffffff, ambayo GDB, ikiitazama kama namba ya biti 64, huisoma kuwa 4294967295. Sharti sahihi ni `$eax == -1`. Ukitilia shaka rejista yoyote, andika `print/x $rax` kisha `whatis $rax`, ulinganishe upana wake na aina iliyoandikwa kwenye msimbo.

Tatizo la aina hiyo hutokea pia kwa herufi. Kwenye Linux ya x86-64, `char` ina alama ya kujumlisha na kutoa, hivyo baiti 0xff husomwa kuwa -1 na sharti `c == 0xff` halitimii kamwe; andika `(unsigned char) c == 0xff`. Kwenye Linux ya ARM, `char` haina alama, na sharti lilelile hufanya kazi, jambo linaloeleza kwa nini mwenzako anaweza kukuambia kwake hakuna tatizo. Vivyo hivyo, sharti `baki - 1 < 0` halitakuwa kweli ikiwa `baki` ni `size_t`, kwa sababu namba isiyo na alama haishuki chini ya sifuri. Huzunguka na kuwa kubwa sana.

Mfuatano wa herufi ni mtego mwingine. Sharti `jina == "mizizi"` hulinganisha anwani mbili, si herufi, na anwani hizo hazitalingana. Tumia `$_streq(jina, "mizizi")`, ambayo hupatikana kwenye GDB iliyojengwa pamoja na Python.

Ikiwa aina za namba ni sawa, angalia mahali penyewe. Ukiandika `break *hesabu`, programu husimama kwenye agizo la kwanza kabisa la funksheni, wakati ambapo vigezo bado vimo ndani ya rejista na havijaandikwa kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni). Programu iliyokusanywa kwa `-O0`, yaani bila uboreshaji, itakupa thamani za takataka hapo ukitaja vigezo kwa majina, na sharti litashindwa au kutimia kwa bahati tu. Ama tumia `break hesabu`, ambayo huruka maandalizi ya mwanzo wa funksheni, ama taja rejista moja kwa moja: katika utaratibu wa System V wa x86-64, vigezo sita vya kwanza vya namba na vielekezi hupita kwenye rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, kwenye ARM ya biti 64 ni x0 hadi x7. Msimbo ulioandikwa kwa asembli, au maktaba isiyo na taarifa za utatuzi, hukuachia njia hiyo ya pili peke yake, nami huiona ya kuaminika zaidi hata pale njia zote mbili zinapowezekana.

Uboreshaji wa kompaila nao hubadilisha ramani. Kwa `-O2`, yaani kiwango cha juu cha uboreshaji, funksheni ndogo huweza kumezwa ndani ya zinazoiita, kitanzi huweza kukunjuliwa, na mstari mmoja huweza kutawanyika sehemu kadhaa au kutoweka kabisa. Kusanya kwa `-Og -g3` (uboreshaji usiovuruga utatuzi, pamoja na taarifa kamili za utatuzi) unapotatua. Ikiwa kasoro hujitokeza kwa `-O2` pekee, basi fanya kazi kwa maagizo badala ya mistari, ukitumia `disassemble /s` kuona ni agizo gani linabeba kitendo unachokitafuta.

Vyanzo vilivyobaki vya dalili hii ni vya kupitia haraka. Ikiwa msimbo huendeshwa na mchakato mtoto baada ya `fork`, GDB kwa kawaida hubaki na mzazi. Andika `set follow-fork-mode child`. Ikiwa umeifungia brekipointi kwenye uzi (thread) mmoja, kwa mfano `break tuma thread 3 if urefu > 1500`, hakikisha kwa `info threads` kwamba uzi namba 3 ndio kweli unaofanya kazi hiyo. Na ikiwa unatatua keneli ndani ya QEMU, kiigaji cha kompyuta, tangu mwanzo wa kuwaka, brekipointi iliyowekwa kabla keneli haijapakiwa huweza kufutwa pale msimbo wake unapoandikwa juu ya 0xCC yako. Tumia `hbreak`, yaani brekipointi ya maunzi, ambayo haiandiki chochote kwenye kumbukumbu, na uwashe keneli kwa `nokaslr`, inayozuia isipakiwe kwenye anwani ya nasibu, ili anwani zilingane na zile za faili la alama.

Dalili: inasimama kila mara

Kwanza tazama kama umeandika `=` badala ya `==`. Sharti `if hali = 3` si swali, ni agizo la kuandika, na GDB hulitekeleza bila kuuliza: kila programu inapopita, `hali` hugeuzwa kuwa 3, matokeo huwa 3, ambayo si sifuri, na programu husimama. Madhara yake ni mazito kuliko usumbufu wa kusimama, kwa sababu umebadilisha mwenendo wa programu unayoichunguza na ushahidi wote uliokusanya tangu hapo haufai. Anza upya.

Pili, tazama utangulizi wa vitendo, yaani kipi hukokotolewa kwanza. GDB hufuata kanuni za C, na katika C `bendera & 4 == 4` husomwa kama `bendera & (4 == 4)`, yaani `bendera & 1`. Unadhani unaikagua biti ya tatu, kumbe unaikagua ya kwanza. Weka mabano: `(bendera & 4) == 4`.

Tatu, soma kilichoandikwa juu ya mahali iliposimama. Kukokotoa sharti kukishindikana, GDB husimama na kutoa ujumbe unaoanza na `Error in testing`. Kusimama huko ni kwa makusudi, kwani dibaga haiwezi kuamua kwa niaba yako. Mara nyingi kosa lenyewe ni `value has been optimized out`, na tiba yake ni rejista au `-Og` kama ilivyoelezwa. Au ni `Cannot access memory at address 0x10`, inayoonyesha kwamba kielekezi kimojawapo katika sharti kilikuwa NULL. Ukiandika `p->mbele != 0 && p->mbele->id == 7`, GDB huishia kwenye nusu ya kwanza pale kielekezi kinapokuwa tupu.

Dalili: GDB inakataa kulipokea sharti

Ujumbe wa `No symbol "x" in current context` humaanisha kwamba kigeu hakionekani mahali brekipointi ilipo, si mahali uliposimama wewe wakati unaandika. Kwa majina ya makro kama `ENOMEM`, sababu ni kwamba `-g` ya kawaida haihifadhi makro. Kusanya kwa `-g3`, au andika namba yenyewe, ambayo kwa `ENOMEM` kwenye Linux ni 12.

Ujumbe unaolalamika kwamba `strcmp` ina aina ya matokeo isiyojulikana hutokea pale maktaba ya C isipokuwa na taarifa za utatuzi. Unaweza kuitangaza aina hiyo ndani ya sharti, lakini ushauri wangu ni kuepuka kabisa kuita funksheni za programu ndani ya sharti. Funksheni hiyo huendeshwa ndani ya mchakato unaouchunguza, katikati ya kazi nyingine, pengine wakati uzi mwingine umeshika kufuli ambalo funksheni hiyo nayo italihitaji. Matokeo yake ni programu iliyoganda, nawe ukaishia kuutafuta mgando uliousababisha mwenyewe.

Dalili: programu inaharibika tangu brekipointi iwekwe

Ukiweka brekipointi kwa anwani, ni lazima anwani hiyo iwe mwanzo wa agizo. Chukua agizo `mov eax, 5`, ambalo baiti zake ni B8 05 00 00 00. Ukikosea kwa baiti moja, 0xCC itaangukia kwenye 05, na agizo litakuwa B8 CC 00 00 00, ambalo ni `mov eax, 204`. Hakuna mtego, hakuna kusimama, hakuna onyo; programu inaendelea ikiwa na 204 mahali pa 5, na itaanguka mbali sana na hapo. Kabla ya kuweka brekipointi ya aina hii, andika `x/6i` kuanzia mahali unapojua kwa hakika ni mwanzo wa agizo, mfano mwanzo wa funksheni, na uone kama anwani yako imo katika safu ya kushoto.

Ujumbe wa `Cannot access memory at address 0x1139` wakati wa kuanza huonyesha kwamba umetumia anwani iliyomo kwenye faili, ilhali programu ya PIE (iliyoundwa iweze kupakiwa kwenye anwani yoyote) huhamishiwa kwingine inapopakiwa. Anza kwa `starti`, soma `info proc mappings`, kisha ujumlishe mwanzo wa programu na anwani ya faili. Ukijiunga na mchakato unaoendelea kwa `attach`, fanya hesabu hiyo kila mara, kwa kuwa huo haukuanzishwa na GDB na anwani zake zimechanganywa na keneli.

Programu inayokagua msimbo wake yenyewe kwa kujumlisha baiti itaiona 0xCC na kukataa kuendelea. Hapo tumia `hbreak`. Msimbo uliomo kwenye flashi ya kidhibiti kidogo nao kwa kawaida huhitaji brekipointi za maunzi, ambazo ni chache: Cortex-M3 na M4 huwa na vilinganishi sita vya maagizo, kwa hiyo futa zile usizozihitaji kabla ya kuongeza nyingine. Na ikiwa kifaa kinajiwasha upya kila kinaposimama, mtuhumiwa wa kwanza ni saa ya ulinzi (watchdog), ambayo huendelea kuhesabu wakati msimbo umesimama. Kwenye vidhibiti vya STM32, biti za rejista za utatuzi za DBGMCU huweza kuigandisha saa hiyo wakati wa utatuzi.

Dalili: kasoro yenyewe inatoweka

Kasoro inayotokana na mashindano kati ya nyuzi mbili hutegemea muda, na brekipointi yenye sharti huubadilisha muda huo kila mzunguko, hata pale isipokusimamisha wewe. Kuongeza masharti hakutasaidia. Tumia int3 iliyoandikwa ndani ya programu, au uangalizi wa data wa maunzi, kwani vyote viwili havigusi mwendo wa programu hadi tukio litokee. Kwenye vidhibiti vidogo, kumbuka kwamba uangalizi huo huona yale tu yanayoandikwa na kiini cha kichakataji. Data iliyoandikwa na DMA, maunzi yanayohamisha data bila kupitia kiini hicho, haitaonekana, na hapo itabidi uandike ukaguzi kwenye msimbo unaoshughulikia mwisho wa uhamishaji wa DMA, ukilinganisha baiti zilizofika na zile zilizotarajiwa kabla ya kumwachia mtumiaji mwingine wa kumbukumbu hiyo.